Halitaki Sindano

Makorora, Tanga
12 Februari 2023

Mwanangu Imakulata,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Lushoto na baridi lenu? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Tangu mnyimwe simu huko unovisi kwa masista nimejifunza kuandika upya, vidole vinaniuma kama nimeshinda nakuna nazi.

Ile saratani ya mitoki inasikia dawa. Shingo imenywea, hata mkufu wangu umenirudi. Ila pembeni mwa paji kimeota kijipu chekundu, kama punje ya kunde. Hakiumi. Jirani yangu Mwanamkasi kakitazama, kasema, "Konso, hili ni futa, si jipu la hospitali. Futa halitaki sindano, ukidungwa unakufa nalo." Basi dripu nimeipumzisha mpaka liive. Usinikunjie uso, najua umeshaukunja.

Mama yako

Lushoto
26 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, roho ndiyo haijatulia. Nakupigia magoti, nenda kwa daktari umwonyeshe hicho kijipu. Mama Mwanamkasi anakupenda, lakini saratani haijui. Huku barua ni Jumapili tu, na mwaka huu wa malezi haturuhusiwi kwenda nyumbani. Ukinyamaza nitaumwa mimi.

Mwanao

Makorora
2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Baridi limepungua? Nilikwenda Machi, usiseme sikwenda. Ila nilifunga kilemba hadi kwenye nyusi. Daktari kapapasa shingo, kaisifu, kaniuliza, "Mama Consolata, kuna jipya?" Nikamwambia hakuna. Ningefanyaje? Angeliona jipu lile angenidunga.

Sasa limekuwa kubwa kama tunda la kungu, wala usaha halitoi. Mwanamkasi alilibandika majani. Juzi kayabandua, akatazama, akasema anakwenda kupika. Siku hizi hasemi tena habari ya futa.

Mama yako

Lushoto
16 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimekasirika, nisikufiche. Hasira nilizipeleka kanisani, nikarudi nazo. Rudi hospitali, na kilemba ukivue mwenyewe. Tafadhali, Mama!

Mwanao

Makorora
18 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Unakula? Kilemba alikivua nesi, damu ilikuwa imeshapenya. Walikata kinyama wakaenda kukipima.

Daktari anasema jipu hili si mtoto wa ule ugonjwa wa mitoki. Ni saratani nyingine kabisa, ya ngozi, ya nadra, hata yeye hajapata kuwa na mgonjwa wake. Mitoki ilishadhoofisha kinga, hii ikakuta mlango wazi. Nayo ina mbio, imeshashuka shavuni mpaka kwenye taya. Mionzi iko Dar es Salaam, lakini damu yangu imepungua mno, haihimili. Nikamuuliza, ningalikivua kilemba ile Machi, je? Akaanza kupanga makaratasi yake.

Mwanamkasi anashinda jikoni kwangu analia, mimi ndiye ninayembembeleza. Nimlaumu nani? Kilemba nilikifunga kwa mikono yangu.

Usije. Ukitoka sasa utaanza mwaka upya, na mimi nataka nikuone na shela la usista.

Mama yako

Makorora
9 Julai

Imakulata,

Anayeandika ni mimi Mwanamkasi, maneno ni ya mama yako. Mkono wake umegoma. Anasema hivi:

Hujambo, mwanangu? Nilikuambia usije. Nilikuongopea. Njoo. Jicho la kushoto limefunga, la kulia bado linaona. Nitamwambia Mwanamkasi anifunge kilemba vizuri, usije ukaogopa.

Mama yako

Lushoto
23 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimepewa leo baada ya misa. Nimemwambia Sista Mlezi kwamba nitaanza mwaka upya, liwalo na liwe. Hakunikatalia. Alinipa simu yake, nikampigia Mama Mwanamkasi. Alipokea, akaniita jina, akaangua kilio. Nikakata kabla hajasema kwa nini.

Basi la asubuhi ndilo langu. Barua hii nitaileta mwenyewe, sijui kukaa bila kukuandikia.

Mama, kilemba usifunge. Nataka kukuona ulivyo.

Mwanao