Ne, Yaya

Jumamosi, 5 Julai. Guangzhou
Soko la nguo la Shahe tena. Nimekaa juu ya robota la suruali, namsubiri Mama amalizane na mwenye duka. Buxing, buxing, haiwezekani, kila mmoja anamwambia mwenzake, kisha wanacheka.
Yorgo naye yupo. Mgiriki. Ananunua mashati ya kuuzia watalii kisiwani kwao. Alikuwa mteja wa Mama, sasa anambebea mkoba. Namchukia.
Mama anataka tuhame tukaishi kwake. Kesho tunaenda kupaona. Ameniambia: "Ukisema hapana, hatuhami. Lakini useme kwa mdomo wako, si kwa kununa."
Anaujua mdomo wangu. Shuleni natoka jasho nikiitwa jina tu, kwa Kiingereza au kwa Kichina.

Jumanne, 8 Julai. Kisiwani
Mawe. Mawe, mbuzi, upepo. Upepo unaupiga mlango makofi mchana kutwa. Nyumba nyeupe mpaka macho yanauma. Yorgo anatuonyesha mlima utadhani kauumba yeye.
Mama yake ni bibi mfupi, nguo nyeusi, hajui Kiingereza. Eti nimwite yaya, ndiyo bibi kwa lugha yao. Yaya! Kwetu Mombasa yaya analipwa mwisho wa mwezi. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Guangzhou hajacheka hivyo hata siku moja. Ilinikera.

Jumatano, 9 Julai
Matembezi ya lazima. Pweza wameanikwa kambani kama soksi. Mlimani kuna kichaka kikavu kinachonukia, kama mrehani uliokasirika. Kilinikwaruza miguu yote. Yorgo alichuma tawi, akanipa. Nikalitupa. Aliona. Vizuri.
Chakula: pweza wa makaa na ndimu, kisha jibini na asali. Tamu. Nimeudhika kwamba ni tamu. Nikasema nimeshiba, nikabaki na njaa yangu.

Ijumaa, 11 Julai
Yorgo na Mama walishuka bandarini. Nikabaki na Yaya. Tulichambua matumba ya ua fulani linaloota kwenye kuta. Wanayaloweka kwenye chumvi.
Nikanong'ona kwa Kiswahili, kwa kuwa haelewi: "Mimi sipapendi hapa."
Akasema, "Ne."
Nikashtuka. Kichina hicho! Kwa Kichina "ne" ni kuuliza: na wewe je? Nikadhani Yorgo kamfundisha. Basi nikajibu. Kila nikinyamaza, ne. Nikaendelea. Kwamba simtaki mwanawe. Kwamba sitaki kuwa mweusi peke yangu darasani mara ya pili. Kwamba Mama anazeekea juu ya marobota, na hapa anacheka, na mimi naliona hilo na bado nataka kukataa.
Nililia ndani ya bakuli. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo.

Jumamosi, 12 Julai
"Ne" kwa Kigiriki ni ndiyo. Yorgo kaniambia leo, anacheka: "Mama anasema mliongea sana!" Kumbe bibi wa watu alikuwa anaitikia tu. Simtaki mwanao. Ndiyo. Ndiyo. Namchukia Yorgo. Nawachukia wote na lugha yao.
Mama hakucheka. Jana alirudi mara moja kuchukua miwani, akanisikia dirishani.
"Humtaki mwanawe," akasema. "Haya. Umesema kwa mdomo wako."
Jana hakungoja pale dirishani kusikia mengine.

Jumatano, 16 Julai. Guangzhou
Joto la kunata. Mama hapokei simu za Yorgo. Anafunga marobota, utepe unalia kraa, kraa.
Nimeshinda. Kuna nini cha kufurahia?
Alisikia kipande kimoja tu. Kile cha yeye kucheka hakukisikia. Nimesimama mbele yake mara tatu kumwambia. Mara tatu nimeomba maji.

Jumapili, 20 Julai
Ofisini kwa Mama, jengo la Tianxiu. Mama kafungua chupa ya matumba tuliyopewa na Yaya. Tumekula na wali, katoni ndiyo meza. Makali, chumvi tupu. Nikaongeza.
Bila kuniangalia akauliza, "Ungependa turudi kule?"
Nikasema, "Ne."
Kijiko chake kikasimama. "Mimi?" akasema. "Mimi napenda, mwanangu. Napenda sana."
Sikumwambia nilikuwa nimesema kwa lugha gani.
Simu ikalia. Yorgo. Bado simpendi. Nikaisukuma upande wake, nikaenda kuosha sahani.