Weupe Ndani ya Ubongo wa Fundi Kupatadze

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Avtandil Todua. Umri: miaka 71. Kazi: daktari msomaji wa picha za MRI. Makazi: Kutaisi, bweni la zamani la wafanyakazi, chumba namba 41. Kwetu ni Sukhumi. Nilihama kwa vita mwaka 1993.

Mnamo tarehe 2 Machi 2012, saa nne asubuhi, nilipokea picha za ubongo wa Besarion Kupatadze, miaka 36. Sehemu mbili ndogo katikati kabisa ya ubongo, kulia na kushoto, ziling'aa kama chumvi gizani. Mahali hapo huwa kijivu. Nilidhani mashine imekosea, nikaagiza apigwe tena. Zikang'aa vilevile.

Nikamwita atembee ukumbini. Alitembea kwa ncha za vidole, akayumba kinyumenyume, nikamdaka.

Akasema, kwa shida, "Mtaani wananiita Jogoo kwa mwendo huu, daktari. Jogoo gani, kupanda ngazi tu kunanishinda."

Weupe wa namna hiyo huletwa na madini ya manganisi. Hapa kwetu tumewaona vijana wengi walioyapata kwa kujidunga dawa za kulevya zilizopikwa nyumbani. Kadi ya Kupatadze iliandikwa "hana kazi". Basi nikaandika kama tulivyozoea: "Huenda ni matumizi ya dawa za kulevya." Sikumuuliza neno. Hilo ni kosa langu.

Tarehe 9 Machi polisi walimkamata barabarani kwa kuyumba. Mkojo wake haukuwa na dawa. Ripoti yangu ikawa ndiyo ushahidi.

Tarehe 12 Machi, saa tatu asubuhi, mkewe, Marekhi, alikuja ofisini kwangu.

"Daktari, huyu akiona sindano anazimia. Leo mmemfanya mtumia dawa za kulevya?"

Nikamwambia, "Mama, kadi inasema hana kazi."

"Kazi anayo, mkataba ndio hana! Miaka tisa anachomelea vyuma vya makutano ya reli, bandani, milango imefungwa kwa baridi. Nani angemwandika?"

Chuma cha makutano ya reli kina manganisi nyingi. Moshi wa kukichomelea ukivutwa kwa miaka, madini hayo hufika palepale kwenye ubongo.

Nilipima ini lake, ambalo likiharibika nalo huleta weupe huo. Ini ni zima. Nilipima damu, manganisi ni ya kawaida, lakini damu haiitunzi muda mrefu. Picha zake nimezitazama mara kumi na moja. Kila nikizitazama naona kitu kilekile, na kila mara nakielewa kidogo kuliko jana.

Leo Inspekta Gogoladze ameniuliza, "Mzee wangu, usinizungushe. Dawa au moshi?"

Nimemjibu: picha yaonyesha kilichoingia, haionyeshi mlango kilikopitia. Mimi naamini ni moshi. Kuamini si kuona, na siwezi kuapa kwamba nimeona. Ninachoweza kuapa ni kwamba lile neno la dawa niliandika kwa mazoea, nami nalifuta.

Niliyoyajua na nisiyoyajua nimeyasema yote, kwa hiari yangu, mimi mwenyewe.

Sahihi: A. Todua
14 Machi 2012, saa sita na robo mchana

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa, amekubali ni sahihi. Alipoulizwa tena, alisema hana hakika. Mtuhumiwa Kupatadze atabaki mahabusu hadi shahidi atakapokuwa na hakika.
Inspekta L. Gogoladze