Dirisha la Zahra

Tooting, London
12 Machi 1996

Mwanangu Zahra,

Assalaam alaykum. Mimi mzima kama chuma, baridi tu inanitafuna masikio. Magoti ya bibi yako yanasemaje?

Waukumbuka ule wimbo wa Kibrazili niliokuwa nikikulaza nao kwa gitaa? Wallahi, London nzima wanautaka! Naupiga mkahawani mara tatu kwa usiku, na meneja wetu Leonard anawaambia wateja mimi Mbrazili. Nami natikisa kichwa Kibrazili. Nimeusikia kwenye lifti, kwa daktari wa meno, hata Mhindi wa duka la viungo, mzaliwa wa Mombasa, anauimba akipima bizari. Wimbo una miaka thelathini na ushei, haujachuja!

Nyumba nishapata, vyumba vitatu. Chako rangi ya waridi. Nitakuita kabla hujatimiza kumi na minane, maana ukishatimiza, serikali ya huku inakuhesabu mtu mzima, basi tena.

Baba yako, Talib

Unguja, 2 Juni 1996

Baba yangu,

Nakubusu mkono. Sote hatujambo, bibi magoti yanamsumbua mvua ikinyesha. Nimewaambia wenzangu skuli kuwa wimbo wetu unapigwa London. Nipimie dirisha la chumba changu, bibi anishonee pazia.

Mwanao, Zahra

Tooting
9 Februari 1999

Mwanangu,

Salamu nyingi, na pole kwa homa. Mimi sijaumwa hata jino.

Dirisha tena? Madirisha ya huku makubwa, usihangaike. Nimeshapata wakili wa kukuombea viza. Kila nikimpigia wananiambia nisubiri, halafu simu inaanza kuimba. Wimbo gani? Ule ule! Nimeusikiliza mpaka mkono ukafa ganzi. Nikawapa wenzangu simu wasikilize: "Huyo mimi napiga!" Wakanitukana.

Baba yako, Talib

Unguja, 20 Desemba 2001

Baba,

Nakubusu mkono. Idd imepita salama.

Bi Mardhiya amekuja kutoka London kusalimia. Anasema mnalala wanaume sita chumba kimoja, juu ya bucha. Mtoto wa kike hawekwi hapo, hilo naelewa. Lakini anasema alikwambia nikalale na binti zake, ukakataa, kwa kuwa ulishawatangazia watu wote una nyumba yako.

Aprili natimiza kumi na minane. Baba, kubali kwa Bi Mardhiya. Mwambie wakili sasa hivi.

Zahra

Tooting
15 Februari 2002

Mwanangu,

Bi Mardhiya mdomo wake ungekuwa barabara, ingefika Pemba! Mimi, Talib, mwanangu akalelewe kwa watu? Watu watasemaje? Kaunsili, halmashauri ya huku, wananipa nyumba mwezi ujao. Vumilia kidogo tu.

Baba yako

Croydon
3 Septemba 2003

Mwanangu Zahra,

Hujambo? Barua nne sijajibiwa, nadhani posta ya huko imelala.

Mkahawani sasa wimbo wanaupiga kwa CD. Leonard alinikatia keki, tukaagana kama mabalozi. Lakini flati nimepata, ghorofa ya tisa, ukisimama unaiona tramu kama mchezo wa watoto. Na dirisha nimelipima: sentimita mia mbili na kumi kwa mia na thelathini. Nilikwambia madirisha ya huku ni makubwa.

Baba yako akupendaye, Talib

Unguja, 11 Januari 2004

Baba,

Nakubusu mkono. Bibi tulimzika mwezi wa Ramadhani. Mimi nimeolewa, mume wangu akusalimu.

Pazia bibi alilishona zamani, kwa kukisia. Ni fupi kwa dirisha lako. Hapa kwangu limekaa sawasawa.

Nafanya kazi ya kupokea simu kwenye hoteli ya Wataliana, namba nimeiandika nyuma ya bahasha. Ukipiga nikiwa na wageni, nitakubonyezea kitufe na utausikia wimbo wako. Hata hapa wanautaka.

Usikate, baba. Vumilia kidogo tu.

Zahra