Vitunguu Vilivyoloa Getini

Shangazi yangu,

Kamwene. Najua hutaitikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu haanzi maneno kabla ya salamu, hata akiwa na hasira. Na hasira ninazo. Nina hasira na wewe, nina hasira na baba, na lile geti ndiyo usiniulize.

Nakuandikia nikiwa dukani kwangu hapa Iyunga, mlango umefungwa mchana kweupe. Mtaa mzima tumefunga. Asubuhi zilipita tetesi kwamba watu wa kodi wako njiani wanakagua risiti, na kabla chai haijapoa milango ikaanza kushuka mmoja baada ya mwingine. Jirani yangu wa vipuri akanigongea: "Mama Tulizo, funga bwana, usijifanye raia mwema peke yako." Mashine ya risiti ninayo na inafanya kazi, ila nikibaki wazi peke yangu, kesho hakuna atakayenichenjia hata noti. Nikafunga. Nikakusikia kabisa unanicheka: "Ona sasa, mtoto wa mtu wa geti!" Nimecheka na mimi, halafu nikalia sana.

Nimekumbuka tulivyokuwa tunafungasha kule Kalenga, vitunguu vimekauka, ukivigusa vinachakarika. Ulijaza gunia mpaka mdomoni, kisha ukaanza kulijengea kichwa, vitunguu juu ya vitunguu, wavu, kamba, mpaka gunia likaota nundu. Lumbesa. Mimi nashika kamba, wewe unavuta sindano huku unaimba pambio. Siku moja nikakuuliza, kwani serikali si imekataza? Ukasema, "Imekataza. Haya, kamwambie mnunuzi. Nikimpelekea gunia bapa ananitazama kama nimemtukana." Ukavuta kamba, ukaongeza kwa sauti ya chini, "Na kwenye geti la ushuru wanatoza kwa gunia, mwanangu, hawafungui kuhesabu vitunguu." Tukacheka kama wezi.

Na aliyekaa getini alikuwa baba, mdogo wako wa tumbo moja, uliyembeba mgongoni mama yenu alipofariki.

Miaka mingi hakuna aliyejali. Magunia yenye nundu yalipita, baba akatazama pembeni, madereva wakapiga honi ya asante. Wakati wa uchaguzi ndiyo kabisa, aliambiwa awaache wananchi wapumue. Uchaguzi ukaisha, akaja mkubwa mpya, akasema lumbesa sasa basi, na mtoza ushuru atakayepitisha ndugu yake afuatane naye nyumbani moja kwa moja. Baba hakutuambia. Nadhani aliona haya, au aliomba tu Mungu usilime mwaka ule.

Ukalima. Tukaja tumekaa juu ya mzigo kwenye Fuso, mbingu imenuna ingawa haukuwa msimu wa mvua. Baba akasogea na mgambo wake, akasema, "Mama, shusha mzigo."

Ulidhani anatania mbele ya watu. "Wee! Mimi nimekuwa mama yako tangu lini?" Hakucheka. Watu wote pale walijua wewe ni dada yake, na kwa sababu walijua, hakuthubutu kukuruhusu hata usogeze mzigo chini ya bati la kibanda. Mwingine angempa nafasi hiyo. Tukashusha, tukakata kamba zote, tukaanza kupunguza magunia palepale barabarani. Nyuma yetu likaja lori la tajiri mmoja, nundu zake ndefu kuliko zetu. Dereva akampa mgambo simu asikilize, mgambo akasema ndiyo mzee, ndiyo mzee, lori likapita. Baba aliliona. Nilimtazama na nikaona ameliona.

Kisha mvua ikashuka. Kitunguu kikiloa hakina maisha, wewe ulijua kuliko sisi sote. Hukupiga kelele. Ulikaa kwenye tope katikati ya jasho lako la msimu mzima, ukamwambia, "Sheria nimeielewa. Ila wewe usinijue tena."

Ukalishika neno lako, Shangazi! Krismasi baada ya Krismasi. Akiingia kanisani kwa mlango huu, unatokea ule. Naye kwa kiburi chake akakaa anasubiri umwite, eti yeye alifuata sheria. Mimi nikawa wa kupeleka salamu ambazo hakuna aliyezituma. Nilichoka. Nilihamia huku Mbeya nikisema nafuata biashara.

Ulipougua nilirudi kukuuguza, nikawa nasikiliza. Ulimtaja mchungaji, ukawataja watoto wote, ukamtaja hata yule mbuzi wako mkorofi. Nikasubiri jina moja tu. Hukulisema. Nilikulaumu hata nilipokuwa nakufumba macho, unisamehe.

Baba alikuja kuzika. Amezeeka, geti lenyewe lilishaondolewa. Wasemaji walipomwita kama ndugu wa marehemu alisimama, akashika kofia yake, akasema, "Nilikuwa kazini," akashindwa kuendelea. Watu wengine walidhani anaeleza kwa nini alichelewa kufika.

Tulipotoka makaburini akanivuta kando. Sijawahi kumwona na uso ule. Akaniuliza, "Alisema nini kuhusu mimi?"

Shangazi, nilidanganya. Nilimwambia ulimtaja siku ya mwisho, ukauliza, "Yule mdogo wangu amekula?" Unamjua baba. Dereva akisema amebeba mahindi, yeye anamtazama usoni na kujua ni vitunguu. Alinitazama hivyohivyo, muda mrefu, nikajua ameshajua. Akasema, "Ndivyo alivyokuwa. Lazima aulize kama nimekula." Akanishukuru, akaenda kukaa na wanaume wenzake, na hakuniuliza tena.

Pumzika, usimnunie tena.

Ni mimi,
mtoto wa mdogo wako.