Kahawa Waliyoiita Risasi

Mama yangu, wewe uliyelala kibanjani Ijuganyondo,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na najua hukupenda mtu apike wala aandike akiwa na hasira. Leo nivumilie. Wamekuchukua, Mama. Kaburi hawajaligusa, nimetoka kulifagia juzi na maua yameshika vizuri. Walichochukua ni sura yako, wakaipeleka vitani.

Unakumbuka siku zile za tetemeko? Nyumba ililala chini, mabati yamejikunja, ukuta wa chumba chako umekuwa kifusi. Mzee Zakaria, jirani yetu wa uzio mmoja, ndiye aliyekutoa chini ya ukuta ule kwa mikono yake mpaka kucha zikang'oka. Sisi wanao tulifika baadaye, tukabaki kulia tu. Kesho yake, watu wote wakiwa wameshika vichwa, wewe ukamwomba Zakaria akukatie nyasi mbichi. Ukazitandika nje, mbele ya kifusi, kama unavyotandika sebuleni siku ya Krismasi. Nikakuuliza unafanya nini.

"Wageni watakuja kutupa pole," ukasema. "Watakaa wapi?"

Na kweli wakaja. Kati yao alikuwepo kijana mwenye kamera, amefuatana na watu wa misaada, amesimama hajui aanze na nini. Wewe ulikuwa umefungwa kitambaa chenye damu kichwani, vumbi mpaka kwenye kope. Ukamnyooshea kikapu chako kidogo cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, ambayo mgeni haketi nyumbani kwa Mhaya bila kupewa. "Nyegera waitu," ukamkaribisha. Mkono wako ulikuwa unatetemeka, kwa hiyo Zakaria, aliyeketi karibu yako, akashika upande wa pili wa kikapu. Kijana akapiga picha kwanza. Kisha akachukua punje, akaitafuna, akakunja uso kama mtoto aliyepewa kwinini, nawe ukacheka mpaka ukashika mbavu zilizokuwa zinauma.

Baadaye alikuletea picha ile imesafishwa vizuri. Ulipohamia kwangu Kagondo wakati nyumba inajengwa upya, ulikuja nayo, na mpaka leo iko ukutani juu ya cherehani yangu. Ndiyo maana nilikutambua mara moja.

Mteja wangu mmoja alikuja kuchukua gauni akanionyesha simu yake. Msemaji wa jeshi la nchi moja ya majirani zetu amesimama mbele ya vipaza sauti, na nyuma yake, ukuta mzima, uko wewe. Wameongeza moshi. Wameifanya damu ya kitambaa chako iwe nyekundu zaidi, kana kwamba ile yako haikutosha. Zakaria wamemkata, imebaki ncha ya kidole chake kwenye ukingo wa kikapu. Na chini wameandika: mama huyu anaonyesha maganda ya risasi zilizowaua wanawe wote.

Maganda ya risasi! Kahawa uliyoichuma mwenyewe, ukaichemsha na majani yako ya harufu, ukaianika kwenye mkeka huku ukifukuza kuku!

Siku chache baadaye nikakuona tena. Safari hii ulikuwa upande wa adui wao. Picha ileile, kikapu kilekile, maganda yaleyale, ila wauaji wamebadilishwa. Kwa hawa niliuawa na wale, na kwa wale niliuawa na hawa, nami niko Kagondo nashona sare za shule. Sizitaji nchi hizo. Nikitaja moja, watu watasema nimechagua upande, na mimi sina upande kwa yeyote anayemtumia mama yangu.

Tulipokuwa wadogo ulitusimulia vita ya zamani, jinsi redio ya ng'ambo ilivyotangaza kwamba mji wetu umeshachukuliwa na watu wote wamekimbia, wakati huo wewe uko sokoni unachagua chumvi. "Nikasema, kumbe nimeshatekwa na sina habari!" Tulikuwa tunakuomba urudie hadithi hiyo kila tukimenya ndizi. Uongo wa siku zile, Mama, mtu alichungulia mlangoni akaugundua. Wa siku hizi unaingia ndani na sura ya mtu unayempenda, halafu unakuomba umchukie jirani.

Maana hawakuishia kwenye picha. Wametengeneza na video. Siku hizi kuna akili mnemba, mashine inayoweza kumsemesha hata marehemu. Midomo yako inachezacheza na unazungumza Kifaransa. Wewe, Mama! Uliyejua Kihaya, Kiswahili cha darasa la nne na Kilatini cha misa! Kwa maandishi ya Kiswahili yanayopita chini, unawaomba vijana wasipumzike mpaka watu wa damu fulani, damu ya akina Zakaria, waishe. Siku uliyotolewa kwenye kifusi hukumtakia mtu yeyote mabaya, hata fundi aliyejenga ukuta ule bila nondo. Sasa kuna watu wamekaa ofisini, wanalipwa na serikali zao, wamevaa mashati safi, kazi yao ni kukutia mdomoni maneno ya kuua. Ni wezi. Ni wachawi wenye vitambulisho vya kazi. Na wakitoka ofisini wanakwenda kula na mama zao.

Ningeweza kulimeza hilo kama lingebaki huko. Lakini Onesmo, mdogo wangu, akanipigia kutoka Kimwani.

"Dada, umeona walivyomfanya yule bibi?"

"Bibi yupi?"

"Wa kwenye video. Nimeituma kwenye kundi la ukoo. Halafu sisi tunakaa na Zakaria, tunakula naye! Yeye si wa hukohuko? Misa ya kumwombea Mama asije. Sitaki mtu wa damu ile akanyage nyasi za Mama."

Mwanao, Mama. Kitinda mimba wako. Alikutazama usoni asikujue, kwa sababu alikuwa anatafuta muuaji, na moshi ule na sauti ile ya kigeni vilimtosha. Nikakata simu. Nikaishusha picha ukutani, nikaifunga kwenye kanga, nikapanda basi la Muleba kwenda kwake.

Nilimkuta anageuza kahawa uani. Sikumsalimia. Nikaiweka picha juu ya kahawa, nikachukua simu yake, nikaifungua kwenye video ile, nikailaza pembeni. Akaangalia huku, akaangalia kule.

"Huyu ni Mama," akasema.

"Na hiki?" Nikamwonyesha kile kidole kwenye ukingo wa kikapu, kwenye simu, kisha nikampeleka kwenye picha, nikamwonyesha mwenye kidole.

Onesmo akakaa chini juu ya mkeka, kwenye kahawa yenyewe. Akafuta video. Akaandika kwenye kundi kwamba ni uongo, kwamba yule bibi ni wewe na aliyekatwa ni Zakaria. Wachache wakajibu pole. Mmoja, jina lake namhifadhia, akasema hata kama ni uongo, watu wale wanajulikana. Nilitamani nimfikie kwa mkasi.

Na tulikuwa tumechelewa. Video ilikuwa imeshafika Ijuganyondo kabla yetu. Nilipofika huko nilikuta migomba ya Zakaria upande wa barabara imefyekwa, mikungu michanga imelala chini. Unajua hapa kwetu mtu akikufyekea migomba amekwambia uhame. Jumuiya ya kanisa ilikuwa isali kwake wiki ile, wakahamishia kwa mwingine bila kumwambia. Mzee aliweka viti, akasubiri, akavirudisha ndani. Mtu aliyezika mke wake katika udongo huu! Nchi alikozaliwa aliikimbia akiwa kijana kwa sababu ya maneno kama hayahaya kwenye redio, na maneno yamemfuata mpaka kibanjani kwake yamevaa sura yako.

Siku ya misa yako tulitandika nyasi mpya. Padri akaja, kwaya ikaja, ndizi zikaiva. Zakaria hakuja, ingawa nilikwenda kumwalika mwenyewe. Baada ya chakula Onesmo akachukua kikapu chako, akakijaza akamwani, akavuka uzio. Nikamfuata.

Mzee alikuwa ameketi mlangoni kwake, amevaa shati lake la Jumapili. Alikuwa amejiandaa kuja, kisha hakuja. Onesmo akainama akamnyooshea kikapu kwa mikono miwili.

"Baba, nisamehe. Karibu kahawa ya Mama."

Zakaria akakitazama kikapu. Hakuwa na hasira, ningefurahi angekuwa nayo.

"Mwanangu," akasema, "kahawa hutolewa na mwenye nyumba. Hapa ni kwangu. Leo unanikaribisha nyumbani kwangu? Nimekuwa mgeni tena?"

Onesmo akabaki ameinama. Mzee akachukua punje moja, kwa heshima yako nadhani, akaitia katika mfuko wa shati. Hakuitafuna.

Sitausahau mkono ule ukiingia mfukoni, Mama. Hakuna bomu lililofika Ijuganyondo. Hakuna mwanajeshi aliyevuka mpaka. Lakini mtu aliyekufukua kwa kucha zake ameogopa kutafuna kahawa yako. Hao wenye mashati safi hata hawajui kama yupo, na hawatajua. Nimewaandikia wenye kurasa zile waondoe picha, naandika kila siku, na sijajibiwa. Nitaendelea kuwaandikia mpaka waniogope au wanichoke. Anayeingia kushonesha kwangu nampeleka kwanza ukutani, namwonyesha watu wawili na kikapu kimoja, ndipo nampima.

Kuna jambo jingine nimelifanya, na natumaini hutanigombeza. Kikapu chako hakipo tena nyumbani. Siku ile Onesmo alipoinuka, nilikipokea mikononi mwake nikakiweka ndani kwa Zakaria, juu ya meza yake, pamoja na kahawa yote. Nikamwambia kikae hapo, kwa mwenye nyumba.

Kesho nitakwenda Ijuganyondo. Sitapita uzioni kama tulivyozoea. Nitazunguka barabarani, kwenye migomba iliyofyekwa, nibishe hodi mlangoni kwake kama mgeni, nikae, ninyamaze, nisubiri kama atanipa.

Lala salama, Mama. Uso wako ni wako.

Mimi binti yako mkubwa,
wa Kagondo