Ukungu kwenye Darubini ya Magesa

Bunda, nyuma ya soko

Mdogo wangu Athumani, Ujiji,

Salamu nyingi. Mmeamkaje huko? Kifua cha shemeji kimetulia? Shangazi yetu bado anagombana na kuku? Mimi nipo, nakula, nalala. Barua hii naandika mwenyewe, sikumpa mtu. Ukiona herufi kubwa kama kwato za ng'ombe usicheke, karatasi ni yangu.

Unanijua, Athumani. Bunda nzima ukiuliza fundi saa, hata mlevi anakuleta mlangoni kwangu. Kipindi kile sabuni hakuna, sukari ya foleni, vipuri hakuna, mimi nilikuwaga natoa roho ya saa moja naitia kwenye nyingine, na inatembea. Na mwezi wa Ramadhani, msikiti mzima ulikuwaga unangoja jicho langu. Nikisema nimeuona, watu wanafunga. Siku hizi maduka yamejaa saa za plastiki za namba, zikifa zinatupwa. Sawa. Hiyo si habari.

Habari ni hii. Mwenye nyumba wangu Magesa, mtu wa Mugango anayeuza mitumba, alifungua belo la makoti akakuta darubini ndani, fupi kama mkono wa mtoto. Tulipomaliza kula akaiegemeza uani juu ya kinu alichokigeuza, ikatazama juu. Mkewe, Mama Nyanjura, akachungulia akapiga kelele.

"Yesu wangu! Nyota imevaa pete!"

"Imeolewa hiyo," Magesa akasema. "Wewe yako iko wapi?"

"Si ulisema inakuja na belo lijalo?"

Tukacheka. Wakanipisha. "Njoo Mzee Saa, wewe mwenye jicho la mwezi."

Nikaweka jicho. Athumani, niliona moshi. Nikaweka la pili, moshi uleule, mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Nikasema kioo kina ukungu.

"Mbona sisi tunaona, Mzee?"

"Ninyi mnaona kama wauza makoti. Mimi fundi. Lete taa!"

Magesa hakutaka niiguse darubini. Nikamnyang'anya. Nikaifungua palepale kwa bisibisi yangu ndogo, nikatoa vioo, nikavifuta kwa kanzu. Skrubu ikaanguka. Nikapapasa mchanga mpaka Mama Nyanjura akaiokota mbele ya goti langu, palepale nilipokuwa natazama. Kurudisha vioo sasa, kipi mbele, kipi nyuma, vidole havikujua. Vidole vyangu mimi! Nikakaza tu. Magesa akachungulia, hakuona kitu. Nikangoja anitukane. Akasema kwa sauti ya kuongea na mgonjwa, "Basi mzee wangu, kapumzike."

Bora angenipiga.

Asubuhi Mama Nyanjura akaja kuchukua saa yake ya mkononi niliyokaa nayo tangu mavuno. "Imepona yenyewe, Mzee." Saa ipo mezani kwangu, imekufa, inaponaje? Nikampa. Hakunitazama.

Mdogo wangu, ukungu haukuwa kwenye darubini. Leo nimetazama ukuta, upo. Nimetazama kikombe, upo. Najua tangu mvua za mwaka jana, nikawa nasema vumbi la soko. Hospitali nilienda kimya, wakasema niende Mwanza, tena nisiende peke yangu. Nani aniongoze? Huku nimezeeka nikiringa, sikuoa tena, sina mtu.

Ramadhani inakaribia. Jioni ile watu watakuja uani kuniuliza, na mimi najijua, nitasema nimeuona. Nitafungisha mji mzima kwa uongo. Njoo unitoe hapa kabla ya mwezi. Usimtume mtu, njoo mwenyewe. Vifaa nimeshavifunga kwenye kitambaa, mpe mwanao mkubwa kama atavitaka.

Msalimie shemeji, na shangazi, na mkwe wetu mvuvi anayenidharau, usimwambie kitu.

Ni mimi kaka yako,
Hamisi.

Ukishuka kwenye basi usiulize fundi saa. Uliza kwa Magesa, yule mzee asiyeona.