Nyumba Zinazosubiri Wenyewe

12 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yanalalamika kuliko shangazi yako. Nawe, kikohozi kimekuachia?

Nakuandikia kuhusu hizi nyumba za serikali ninazolinda. Utepe ulikatwa mwaka juzi, picha zikapigwa, milango ikafungwa, na mpaka leo hajahamia hata paka. Mlinzi mwenzangu ameacha kazi. Alidai ghorofa ya tatu ina mashetani, wanakokota vitu na kuguna. Nikamcheka. Juzi nikawasikia mwenyewe, mchana kweupe. Nikapanda na rungu.

Nikamkuta mwanamke anafagia. Anafagia, mwanangu, nyumba isiyo yake! Watoto wake wawili wamejibanza pembeni, na mama yake mzee amelala juu ya maboksi. Huyu mama alikuwa mpishi wa shule. Mtaa wao ulivunjwa kupisha barabara, wakaahidiwa nyumba hizi hizi. Wakangoja kwenye kibaraza cha soko mpaka wakachoka.

"Sikuvamia," aliniambia. "Nimekuja tu kabla ya kuitwa."

Sikuwatoa. Wewe uko wizarani. Sema neno hapo.

Baba yako mdogo

28 Machi

Shikamoo Baba Mdogo,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Kikohozi kimekwisha. Magoti yapeleke hospitali, usiyatanie.

Nimemuuliza mkubwa wangu. Anasema ugawaji unasubiri kamati, na kamati haijaundwa. Nikamwambia kuna watu waliovunjiwa nyumba zao. Akajibu, "Serikali haiwezi kuwa mama wa kila mtu."

Baba, ukikutwa nao utafukuzwa kazi, nami nitakuwa mashakani. Wewe ndiye uliyenilea, sipendi kukufundisha. Lakini fikiria.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Sisi huku wazima, na nikisema sisi unajua nasema akina nani.

Bibi, yule mama mzee wa kwenye maboksi, nilimsomea barua yako. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwambie bosi wake, mama nilikuwa naye, nikamzika. Simtafuti mama. Namtafuta aliyenivunjia, aje anijengee." Kisha akaniuliza, "Serikali ya kuvunja ilifika alfajiri, tena na magari. Hii ya kujenga inatembea kwa miguu?"

Mimi sina elimu ya kumjibu. Wewe unayo?

Baba yako mdogo

2 Mei

Shikamoo Baba Mdogo,

Nisamehe kwa haraka hii. Ijumaa kuna wageni wanakuja kukagua nyumba. Wakiwakuta watu humo, wataita polisi. Watoe siku mbili tu. Wageni wakishaondoka nitakuja mwenyewe na kibali cha kuwarudisha kihalali. Mkubwa wangu amenikubalia kwa mdomo wake. Naapa, Baba.

Mwanao

19 Mei

Mwanangu,

Salamu.

Niliwatoa Alhamisi. Bibi nilimshusha ngazi mgongoni; alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Akaniuliza sikioni, "Siku mbili, eti?" Nikamwambia, mbili.

Mvua ikaanza jioni ile ile. Wageni walifungua mabomba, wakasifia rangi, wakaondoka. Baada yao likaja gari la makufuli mapya. Funguo sikupewa. Nilikusubiri.

Bibi amefia kibarazani sokoni. Tumemzika mimi, binti yake na wachuuzi wawili.

Sikulaumu, niliyemtoa ni mimi. Ila siku hizi nikipita kwenye zile ngazi, mgongo unakuwa mzito ghafla, kama nimebeba. Nageuka, hakuna mtu.

Baba yako mdogo

3 Septemba

Shikamoo Baba Mdogo,

Sijui hali yako, na sikuwa na uso wa kuuliza. Barua nimeanza nyingi, zote nikachana.

Mkubwa wangu amekana. Anasema hakuniahidi kitu. Nilisimama kwenye mkutano nikaeleza yote, mpaka mazishi. Mmoja akaomba maji ya kunywa. Kisha wakaendelea na jambo la pili.

Sasa nyumba zimegawiwa, Baba. Tumepewa sisi, watumishi wa wizara. Mimi hata siishi mji huo, lakini nimepata ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto. Nadhani wananiziba mdomo. Ndio ule?

Kama ndio ule, ufunguo umo humu kwenye bahasha. Mtafute Mama Mpishi aingie na wanawe. Wakinifukuza, wanifukuze. Usingizi wenyewe sina. Nikifumba macho nasikia sauti ya mtu nisiyewahi kumwona ikiniuliza, siku mbili, eti?

Mwanao

27 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nipo, nashukuru.

Ndio ule.

Mama Mpishi nilimkuta nyuma ya soko anamenya viazi vya watu. Nikampa ufunguo, hakuupokea.

"Huu ni wa serikali au wa binti yako?"

"Wa binti yangu."

"Basi huo ni msaada. Mimi niliahidiwa nyumba." Akamenya kiazi kingine, akawatazama wanawe, akafuta mikono kwenye kanga. "Lete. Lakini na wenzangu je?"

Wamehamia. Majirani wana makochi na mapazia, salamu zake hawaitikii. Na kila jioni wale waliovunjiwa pamoja naye huja getini, wakasimama wakitazama dirisha lake lenye taa. Hawaombi, hawapigi kelele. Kazi yangu ni kuwafukuza, nami nimeshindwa. Rudi kwenye mkutano ule, mwanangu. Wakiomba maji, wape, halafu endelea kusema.

Jana nilipanda kuwajulia hali. Sakafu inang'aa. Watoto walikuwa wamelala, si chumbani bali hapo mlangoni, na viatu miguuni. Nikainama nimvue yule mdogo. Akafumbua macho, akanishika mkono.

"Usinivue, babu," akasema. "Wakija, tutachelewa."

Baba yako mdogo